Kuiwasha Tena Injini ya Kinu Iliyolala Zaidi ya Miaka 30

Haya ni mazungumzo ya afisa wa habari wa kaunti mbele ya wanafunzi wa mekanika, walimu wao na wanachama wa kikundi cha akina mama wenye kinu, siku ya wageni katika chuo cha ufundi. Tumeyachapisha kwa ajili ya wasomaji waliokosa nafasi ukumbini.



Mimi si fundi. Kazi yangu ni kuandika taarifa za kaunti, kupiga picha za miradi na kuhakikisha kipaza sauti kinafanya kazi kabla waziri hajasimama. Nimeombwa nizungumze kwa sababu nilikuwa pale bandani tangu siku ya kwanza, nikaandika kila kitu kwenye daftari. Na pia kwa sababu, kama baadhi yenu mnavyokumbuka, ni mimi niliyekaribia kuiharibu kazi yote. Hilo nitalifikia. Mzee fundi amekataa kuhutubia. Amesema yeye ataongea akishika spana, na yuko bandani sasa hivi anatusubiri.

Kwanza niwaambie ni injini gani. Ni Lister CS ya silinda moja, nguvu farasi 6. Kampuni ya R. A. Lister ilianzishwa mwaka 1867 katika mji wa Dursley, Gloucestershire, Uingereza. Injini za aina hii zilianza kutoka kiwandani humo mwishoni mwa miaka ya 1920, na ziliendelea kutengenezwa hadi miaka ya 1980. Herufi C na S ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya kuwaka ikiwa baridi. Injini nyingi za mafuta za wakati ule zilitaka kupashwa moto kichwani kwa taa ya mafuta kabla hazijakubali kuwaka. Hii ilitaka mkono wa mtu tu, na kwa sisi tunaokaa nyanda za juu, ambako saa kumi na mbili asubuhi chuma hushikika kama barafu, hilo si jambo dogo.

Huku kwetu wazee waliita injini yoyote ya kinu “Lista”, hata kama imetoka kiwanda kingine. Nyingine zilitoka India, kwa sababu viwanda vya Rajkot, jimbo la Gujarat, viliiga muundo huo na kuuza nakala zake sehemu nyingi za dunia. Bahati yetu ilikuwa hapo, maana vipuri vya Kihindi bado vinapatikana.

Wanafunzi mtapenda hesabu hii. Silinda ina kipenyo cha inchi 4 na nusu, na pistoni husafiri inchi 5 na nusu. Injini huzunguka mara 650 kwa dakika. Bodaboda iliyowaleta hapa huzunguka mara elfu kadhaa. Kwa kuwa hii ni injini ya mapigo manne, huchoma mafuta mara moja katika kila mizunguko miwili, yaani mara 325 kwa dakika, zaidi kidogo ya mara tano kwa sekunde. Ndiyo maana watoto wa zamani waliweza kuisikia kutoka ng'ambo ya bonde wakajua kinu kimefunguliwa, na mama akawatwika debe la mahindi bila kutuma mtu kwenda kuuliza. Kinachoibeba katika mwendo huo wa polepole ni zile flaiwili mbili kubwa, moja kila upande. Zikishashika kasi hazisimami kirahisi. Kumbukeni hilo, tutalirudia.

Sasa hali tuliyoikuta. Umeme ulipofika sokoni, kinu kikafungwa mota, na injini ikaachwa kwenye banda la nyuma. Kwanza waliifunika gunia. Baadaye gunia likaoza, kuku wakaingia, bati moja la paa likatoboka. Mwaka jana wanunuzi wa vyuma kuukuu walikuja na mizani. Injini ina uzito wa zaidi ya kilo 300, na kwa kilo hizo walitaja pesa ambazo kikundi kilizihitaji kwelikweli. Kulikuwa na deni la mbegu, na banda la mbele lilikuwa linavuja.

Sitaficha kwamba mweka hazina alikuwa wa kwanza kusema iuzwe. Yuko hapa, ananiangalia. Alisimama kwenye mkutano akauliza: mnataka kufufua maiti kwa pesa za mayai? Na hakuwa na makosa. Kila shilingi iliyowekwa kwenye injini ile ingeweza kwenda mahali pengine. Upande wa pili kulikuwa na umeme unaopotea siku tatu mfululizo wakati wa mvua, watu wanarudi na mahindi yao nyumbani, na kulikuwa na mzee mmoja tu katika lokesheni nzima aliyewahi kuiwasha injini ile kwa mikono yake. Macho yake yameanza kuingia ukungu. Wakakubaliana kwa tofauti ya kura tatu: wangeipa miezi mitatu na kiasi fulani cha pesa kisichoongezwa. Ikishindikana, mizani irudi.

Chuo kikatoa wanafunzi wanne. Mimi nikatumwa kuandika habari.

Siku ya kwanza nilidhani nitapiga picha ya mzee akizungusha hendeli. Hakuigusa hendeli. Alileta kiti, akaketi, akaiangalia injini karibu saa nzima huku akiwauliza vijana maswali. Bomba la eksozi linaelekea wapi? Nani ameona mahali pa kupitisha hewa? Zile kii, yaani vipande vya chuma vinavyokaza flaiwili kwenye shafti, zimekaza au zinacheza? Kii ikicheza, flaiwili hugonga shafti kila pigo hadi kitu kipasuke, na kichwa chake kinachochomoza nje ndicho hunasa leso au mkono wa shati. Vijana walichoka. Mmoja akaninong'oneza kwamba wangefunga kamba kwenye flaiwili, waivute na trekta, wamalize.

Mzee alisikia. Akatueleza kwamba aliwahi kushuhudia jambo hilo likifanywa mahali pengine, miaka mingi iliyopita. Pistoni ilikuwa imeshikwa na kutu ndani ya silinda. Trekta ikavuta, flaiwili ikazunguka robo, na fimbo ya pistoni ikapinda. Injini ambayo ingetengenezwa kwa wiki mbili ikawa chuma cha mizani kwa dakika moja.

Yetu nayo pistoni ilikuwa imeshika. Hilo tulilijua walipojaribu kuisukuma flaiwili kwa mikono, ikakataa kabisa. Basi kazi ikaanza kutoka juu. Walifungua kichwa cha silinda. Kwenye njia ya hewa nyigu walikuwa wamejenga nyumba ya udongo, ikakauka ikawa ngumu kama tofali. Wazieni injini ingezungushwa na ule udongo uanguke ndani ya silinda. Kwenye eksozi kulikuwa na kiota cha panya. Valvu ya eksozi ilikuwa imeganda kwenye njia yake, na valvu iliyoganda ikisukumwa kwa nguvu huipinda ile fimbo ndefu inayoisukuma kutoka chini. Ndiyo maana valvu huachiwa kwa mkono kwanza, kwa mafuta na subira, kabla kitu chochote hakijazungushwa.

Juu ya pistoni kulikuwa na pete ya kutu kuizunguka silinda. Mzee aliiondoa taratibu kwa msasa mwembamba, akafuta, kisha akamimina dizeli iliyochanganywa na oili ya giaboksi ya otomatiki. Akafunika kwa kitambaa. Akasema tuonane keshokutwa.

Hivyo ndivyo tulivyokwenda siku sita. Kumimina, kugonga kidogo kwa nyundo ya mti juu ya kipande cha ubao, kuisukuma flaiwili mbele na nyuma bila kulazimisha, kufunika, kurudi nyumbani. Kabla ya kugonga, mzee alihakikisha pistoni haiko juu kabisa wala chini kabisa. Mwanafunzi mmoja aliuliza kwa nini, na jibu ni la maana: pistoni ikiwa juu kabisa, fimbo yake imesimama wima juu ya shafti, kwa hiyo unapogonga hakuna kinachozunguka, nguvu yote inaishia kwenye beringi. Ikiwa katikati ya safari, nguvu hiyohiyo huigeuza shafti. Kwetu ilikuwa imesimama katikati. Mzee alisema aliyeizima mara ya mwisho alituachia zawadi bila kujua.

Asubuhi ya siku ya saba flaiwili ilisogea upana wa kidole. Nimeripoti uzinduzi wa barabara, wa zahanati na wa masoko. Sijawahi kusikia watu wanne wakipiga kelele vile kwa upana wa kidole.

Yaliyofuata nitayapitia haraka kwa sababu mtayaona wenyewe bandani. Silinda ilitolewa. Ringi mbili zilikuwa zimevunjika na nyingine zimeganda kwa masizi. Mlango wa ubavuni ulifunguliwa, na humo chini oili ya zamani ilikuwa imekuwa tope jeusi. Vijana walilichota kwa mikono na kuosha kwa dizeli na matambara. Tope hilo halikumwagwa mtoni. Liliwekwa kwenye jerikeni na kupelekwa kwa wanaokusanya oili chafu, na naomba mfanye hivyo daima, kwa sababu mto ule unanywewa na watu wa chini. Ile kamba nyeupe iliyokuwa imezungushwa kwenye bomba la eksozi haikuguswa na mwanafunzi yeyote. Kamba za zamani za namna ile huweza kuwa asbesto, na vumbi lake likiingia kwenye mapafu halitoki. Mwalimu aliita watu wanaofahamu kuishughulikia.

Ringi na gasketi tulizipata Nairobi, Kirinyaga Road. Mweka hazina ndiye aliyesafiri, akiwa na ringi moja ya zamani iliyovunjika mkobani na rula ya mtoto wake wa shule. Muuzaji wa kwanza alimwambia zote ni sawa, nunua tu. Alikataa, akapima. Hazikuwa sawa. Duka la tatu ndilo lililokuwa na za kipimo chake, na alirudi na chenji. Tangu siku ile sikumsikia tena akitaja maiti.

Maji nayo. Injini hii haina pampu ya maji. Imeunganishwa na pipa la lita 200 kwa mabomba mawili, moja chini na moja juu. Maji yakipata moto kwenye silinda huwa mepesi, hupanda kwa bomba la juu na kuingia kwenye pipa. Yale ya baridi hushuka na kuingia kwa bomba la chini. Joto lenyewe ndilo linaloyazungusha. Ila kuna sharti moja: maji kwenye pipa lazima yawe juu ya mdomo wa lile bomba la juu. Yakipungua chini ya hapo mzunguko hukatika na silinda huanza kuchemka huku pipa likiwa bado na maji ya kutosha kuoga. Vijana walitia alama nyekundu kwenye pipa. Ni mchango mdogo lakini mimi naona ndio bora kuliko yote waliyoyafanya.

Sasa nije kwenye kosa langu.

Katika wiki ya tano mambo yalikuwa yanakwenda vizuri. Kila kitu kilikuwa kimerudishwa mahali pake, flaiwili zinazunguka kwa kidole, na kompresheni ni nzuri. Nikamuuliza mzee, lini? Akasema, karibu. Mimi kwa elimu yangu ya uandishi wa habari nikatafsiri “karibu” kuwa Ijumaa ijayo. Nikaandika taarifa kwa vyombo vya habari, nikaitia tarehe na saa. Nikaalika waziri wa kaunti, mwakilishi wadi, chifu na redio ya lugha ya mama. Nikakodi hema, viti mia mbili na vipaza sauti.

Ijumaa saa mbili asubuhi wageni walikuwa wanaingia. Nikaenda bandani kumwambia mzee ajiandae. Nilimkuta ameinama kwenye pampu ya dizeli, kidole kimoja kikisukuma kipande kidogo cha chuma ndani na nje. Hicho ndicho reki. Ukiisukuma upande mmoja, mafuta mengi huingia. Upande mwingine, mafuta hupungua hadi kukatika. Injini hii nayo ina gavana wake, si yule mliyempigia kura. Ni vizito viwili vinavyozunguka. Kasi ikipanda, vizito hutanuka na kuivuta reki ipunguze mafuta. Kasi ikishuka, vinarudi na kuiachia iongeze. Ndicho kitu pekee kinachoizuia injini kujikimbiza.

Alhamisi jioni reki ilikuwa inateleza vizuri. Ijumaa asubuhi, baada ya baridi ya usiku, iliingia lakini haikurudi. Ndani ya pampu kulikuwa bado na gundi ya dizeli ya zamani, maana dizeli ikikaa miaka hugeuka kitu kama vanishi, na tulikuwa tumesafisha tangi, mabomba na filta lakini pampu hatukuifungua. Ilikuwa imekwama upande wa mafuta mengi.

Mzee akasema, leo haiwashwi.

Nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba waziri ameshafika. Akasema amemwona, ni mtu mwema. Nikamwomba tuiwashe dakika tano tu, wapige picha, kisha tuizime. Akaniangalia, akafuta mikono, akasema: “Binti yangu, ikishawaka hivi, hizo dakika tano si zako tena.”

Sikuelewa siku ile. Nimeelewa baadaye. Reki ikikwama kwenye mafuta mengi, gavana huvuta bila kitu kumtii. Injini hupanda kutoka 650 hadi 800, hadi 1,000, na kuendelea. Flaiwili zile ni chuma cha kalibu, zimepimwa kwa mwendo wa polepole. Zikizidishiwa kasi huweza kupasuka, na vipande vyake hupita ukuta wa mabati kama karatasi. Nami nilikuwa nimepanga viti mia mbili mita chache kutoka kwenye banda hilo, na safu ya mbele, ya wageni waheshimiwa, ilikuwa imekaa sawasawa na upande ambao flaiwili zinageukia. Nilichagua mahali hapo kwa sababu ya mwanga wa picha.

Basi nikaenda kwenye kipaza sauti nikawaambia injini haitawashwa. Kulikuwa na minong'ono. Waziri aliketi kimya kidogo, kisha akaomba aonyeshwe hiyo reki, akainama akaisukuma mwenyewe kwa kidole. Watu wakanywa chai wakaenda zao. Jioni kuna waliotuandika mitandaoni, kwamba kaunti imekodi hema kwa ajili ya kuangalia chuma. Nilisoma kila neno. Kikundi nacho kiliumia zaidi yangu, kwa sababu wanunuzi wa vyuma walisikia, na Jumatatu walirudi kuuliza kama bei bado inazungumzika.

Mwenyekiti aliwajibu kwamba miezi mitatu haijaisha.

Pampu na injekta zilipelekwa kwa fundi wa pampu za dizeli mjini. Alizifungua, akaziosha, akaipima injekta kama inanyunyiza kama ukungu au inadondosha. Hapo kuna jambo la usalama ambalo alituonyesha na sitaki mlisahau. Injekta inaponyunyiza, usiweke mkono mbele yake kamwe. Mafuta yanatoka kwa shinikizo linaloweza kupenya ngozi, na mtu huona tundu dogo tu kama la sindano, akapuuza, kumbe dizeli iko ndani ya nyama. Huyo ni wa kukimbizwa hospitali saa hiyohiyo, hata kama hasikii maumivu.

Siku kumi na moja baadaye, Jumanne saa moja asubuhi, hapakuwa na hema. Walikuwepo mzee, wale wanafunzi wanne, mwalimu wao, mweka hazina na mimi. Reki ilijaribiwa tena, mara nyingi kiasi cha kunichosha. Kijana mmoja alisimama karibu na njia ya hewa ameshika kipande cha ubao kilichofunikwa mpira. Kazi yake ilikuwa moja tu: injini ikikimbia, azibe njia ya hewa. Dizeli bila hewa haiwaki. Hakutakiwa kutumia kiganja chake wala kitambaa, kwa sababu mvuto wa hewa ungekinyonya. Mimi nilikuwa nimesimama na simu nikirekodi. Mzee akaninyooshea kidole nisogee. Nilikuwa nimesimama tena kwenye mstari wa flaiwili.

Walitoa hewa kwenye mafuta. Wakafungua skrubu ya filta hadi dizeli ikatoka bila mapovu, wakaifunga. Kisha kwenye pampu vivyo hivyo. Wakatia oili kwenye valvu kwa mkono. Kile kigurudumu kidogo kilicho kwenye kichwa cha silinda kikakazwa hadi mwisho. Hicho ndicho siri ya kuwaka ikiwa baridi: kikikazwa huziba sehemu ya chumba cha kuchomea, kompresheni ikapanda, hewa ikapata joto la kutosha kuwasha mafuta. Injini ikishapata moto na kubeba mzigo mzito, kinafunguliwa tena.

Mwanafunzi wa kike ndiye aliyeshika hendeli. Ni mdogo wa umbo, na niliona mwalimu akisita. Mzee alimwonyesha jinsi ya kushika: kidole gumba kikae upande mmoja na vidole vingine, kisiizunguke hendeli, ili injini ikirusha nyuma, hendeli itoke mkononi bila kuvunja kitu. Ncha ya shafti ilikuwa imepakwa grisi ili hendeli itoke mara injini inapowaka. Hendeli iliyonasa kwenye shafti inayozunguka ni nyundo isiyo na mwenyewe.

Wenzo wa kuachia kompresheni ukainuliwa, akaanza kuzungusha. Polepole, kisha kasi kidogo. Ndani kukasikika mlio mdogo, krii, krii, kila mizunguko miwili. Mzee akatikisa kichwa kukubali. Ule ni mlio wa injekta ikinyunyiza. Akamhimiza, ongeza, ongeza, kisha akaangusha wenzo mwenyewe.

Ikapiga mara moja, ikatoa moshi mweupe, ikanyamaza. Flaiwili zikaendelea kwa uzito wake zikasimama.

Hakuna aliyesema neno. Yule msichana alivua sweta, akaweka hendeli tena.

Mara ya pili ilipiga, ikaruka pigo, ikapiga mbili, moshi ukawa mweusi, halafu ikashika. Tuku, tuku, tuku, tuku. Hendeli ikatoka mkononi mwake salama. Mzee hakuiangalia injini. Alikuwa anaiangalia reki, na reki ikarudi nyuma taratibu kama inavyotakiwa, na mwendo ukatulia. Ndipo akamwashiria kijana wa ubao ashushe mikono.

Mweka hazina alitoka nje. Nilidhani moshi umemzidi. Nilimkuta kando ya banda akisikiliza, ameshika ukuta. Aliniambia kwamba mama yake alikuwa akiosha vyombo sauti ile ikianza, na alikuwa na saa moja tu ya kufika kinuni kabla foleni haijawa ndefu. Ng'ambo ya bonde watu walikuwa wamesimama barabarani wakitazama upande wetu. Kabla ya saa tatu mzee mmoja alifika na baiskeli na gorogoro nne za mahindi, akauliza bei.

Haikusaga siku ile. Ilizunguka nusu saa bila mzigo, ikazimwa kwa kukata mafuta, oili ikatolewa na kuwekwa nyingine, kwa sababu oili ya kwanza huosha uchafu uliobaki.

Wengine mtauliza kama ina faida. Nitajibu kwa uwazi, ingawa ofisi yangu ingependa jibu tamu zaidi. Ikibeba mzigo wote hunywa takriban lita moja na nusu ya dizeli kwa saa. Kwa bei za sasa za mafuta, mota ya umeme inaishinda siku yoyote umeme ukiwepo. Kikundi hakitaitegemea kila siku. Itafanya kazi umeme ukipotea, na bei ya kusaga siku hizo itakuwa juu kidogo, imeandikwa mlangoni ili mtu asije akadhani anaibiwa. Siku nyingine ni ya chuo. Mkataba umetiwa saini: injini ni mali ya kikundi, chuo kinaitunza na kufundishia, na hakuna upande unaoweza kuiuza bila mwingine. Mweka hazina ndiye aliyesisitiza kifungu hicho cha mwisho.

Mambo mawili bado hayajakamilika. Bomba la eksozi halijapandishwa juu ya paa, kwa hiyo leo milango yote miwili itabaki wazi, na hakuna atakayekaa ndani zaidi ya dakika chache. Moshi ule huua mtu bila kumwamsha. Na kinga ya waya ya kuzunguka mkanda na flaiwili imefika upande mmoja tu. Upande wa pili tumefunga kamba. Kamba hiyo si mapambo.

Twendeni basi. Mtaingia kumi kumi. Akina mama, leso zifungwe kiunoni, ncha zisining'inie. Wenye nywele ndefu mzifunge, wenye tai mzivue, mwalimu mkuu ukiwa wa kwanza. Anayetaka kupiga picha asimame mahali palipochorwa chokaa. Nimepachora mwenyewe, na mzee amepapima.